Aliyepewa na Aliyempa: Imani, Sheria na Mwanamke Mjamzito



Katika usharika nilikolelewa palikuwa na benchi moja la mbele, upande wa kushoto wa madhabahu, ambalo siku za kawaida halikukaliwa na mtu. Lilikuwa benchi la wanaorudi kundini. Jumapili moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya watoto, nilimwona amekaa pale dada mmoja aliyekuwa akitufundisha nyimbo. Alikuwa hajaonekana kanisani karibu mwaka mzima. Sasa alikuwa na mtoto wa miezi minne hivi, amemfunga mgongoni kwa khanga. Mzee wa kanisa akasimama na daftari lenye jalada jeusi, akasoma jina lake, la baba yake na la ukoo, akasema amevunja amri ya sita na anaomba kurudi. Akaulizwa kama anajuta. Akajibu kwa sauti ambayo ni sisi wa mbele tu tulioisikia. Mtoto akaanza kulia, na mama yake akabaki amesimama vile vile mpaka sala ikaisha, ndipo akapata nafasi ya kukaa amnyonyeshe.

Nyuma yetu, kwenye besi ya kwaya kuu, alikaa kijana ambaye kijiji kizima kilijua ndiye baba wa yule mtoto. Masikio yake na ya mtoto yalikuwa yale yale. Amefungua kitabu cha nyimbo, anatafuta namba. Jina lake halikuwamo kwenye daftari.

Chuo kimenipa jioni hii nizungumze juu ya imani ya Kikristo, sheria ya utoaji mimba, na msaada kwa mwanamke mjamzito. Mimi ni mwalimu wa sheria na ni msharika, na miaka yote hii sijaweza kulitenga jambo hili na lile benchi. Kiswahili chetu husema binti "amepewa mimba". Penye aliyepewa pana aliyempa, kitenzi chenyewe hakikubali vinginevyo. Hata hivyo sheria na Kanisa, kila kimoja kwa njia yake, vimejizoeza kumwona mmoja tu.

Nianze na sheria, maana wengi huizungumzia bila kuifungua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, tuliirithi kwa Mwingereza aliyeitunga mwaka 1930, na vifungu vyake vya mimba vina ukoo na sheria iliyotungwa kwao mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinamhusu anayempa mwanamke dawa, au kutumia kifaa au nguvu, kwa nia ya kuharibu mimba isivyo halali: miaka 14. Kosa linatimia hata ikigundulika kuwa mwanamke mwenyewe hakuwa na mimba. Cha 151 kinamhusu mwanamke aliyejitoa mimba: miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayempatia mtu dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo: miaka 3. Mbele zaidi, kwenye kurasa ambazo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa hawajazifikia, kuna kifungu cha 230, kinachomwondolea hatia anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

Hesabuni basi waliotajwa: mtoaji, mwanamke, mwuza dawa, daktari. Aliyempa mimba hatajwi.

Mtaniambia yupo kwenye Sheria ya Elimu. Ni kweli. Tangu marekebisho ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 jela. Lakini mawakili waliomo humu wanajua kesi hizi zinavyoyeyuka. Wazee wa pande mbili wanakutana, ng'ombe au fedha zinatolewa, wanamalizana nyumbani, na siku ya ushahidi binti hakumbuki jina. Kwa upande wa matunzo hali ilikuwa ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Sheria ya mwaka 1949 iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Tukapata uhuru, tukabadili sarafu, tukashusha thamani ya shilingi mara kadhaa, na ile mia ikabaki mia hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Miaka ile ya mwisho mia moja ilikuwa bei ya andazi. Andazi moja kwa mwezi, na kulidai ilibidi mama apande basi hadi mahakamani.

Jirani zetu Wakenya waliliweka suala la utoaji mimba kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 26, na makanisa mengi yalipiga kampeni ya "Hapana" kwa sababu hiyo pamoja na nyingine. Katiba ikapita. Sisi tuliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, yenye ibara inayozitaka nchi ziruhusu utoaji mimba kitabibu pale palipo na ubakaji, zinaa ya maharimu, au hatari kwa maisha na afya ya mama. Kanuni ya Adhabu haikuguswa. Itifaki iko kwenye kabati moja na Kanuni kwenye kabati jingine, na muuguzi wa zamu ya usiku hana ufunguo wa lolote kati ya hayo mawili.

Huko zamuni ndiko sheria inakoonekana ilivyo. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, karibu zote kwa siri, na kwamba wengi wa waliopata madhara hawakufika hospitali. Wanaofika husema "nimeanguka", au "nilibeba ndoo ya maji". Wanaogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi, wanaogopa na polisi wenyewe. Ukweli ni kwamba kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika, kumsafisha kizazi na kumwongezea damu, hakujawahi kuwa kosa, haidhuru iliharibikaje. Lakini binti wa miaka kumi na saba anayetokwa damu hajui kutofautisha cha 151 na cha 230. Anachojua ni kwamba kuna jela. Kwa hiyo anakaa chumbani siku tatu.

Najua wengine humu mnasubiri niseme niko upande gani. Naamini kwamba aliye tumboni ni uhai, na kwamba si mali ya mama, ya baba, wala ya serikali. Siungi mkono wanaosema mimba ni jambo la mtu mmoja na mwili wake. Nimetumia dakika kumi sasa kusema ni la watu wengi. Wauza dawa wa vichochoroni na waganga wa vijiti sina neno la kuwatetea. Lakini kifungu cha 151, kinachompeleka jela mwanamke mwenyewe, nasema kifutwe. Hakijamwokoa mtoto yeyote ninayemjua, na kimewazika mama zao kwa kuwazuia wasije wodini mapema.

Wachungaji wataniuliza kama hiyo ni sauti ya Kanisa au ya wanaharakati. Nawajibu kwa kanuni za Kanisa lenyewe. Didakhe, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yalikataza utoaji mimba waziwazi, katika dunia ya Kirumi ambako hata mtoto aliyekwisha kuzaliwa baba aliweza kuamuru akatupwe. Hilo halina utata. Ila utazameni mkutano wa maaskofu wa Ankira, Ankara ya leo kule Uturuki, mwaka 314. Walikuta kanuni ya zamani iliyomtenga mwanamke wa kosa hili na Meza ya Bwana hadi siku ya kufa. Kanuni yao ya 21 ikaipunguza hadi miaka kumi. Miaka sitini hivi baadaye, Basili Mkuu, askofu wa Kaisarea, akamwandikia askofu mwenzake. Alikuwa mkali: kosa aliliita uuaji, na alikataa mabishano ya kama mimba imeshapata umbo au haijapata. Hata hivyo akasema toba isiburutwe hadi kifo, na kwamba kipimo chake si idadi ya miaka bali hali ya moyo wa anayetubu. Na alitaja jambo ambalo hakusomea chuo chochote cha uuguzi: kwamba wanawake wengi wanaojaribu hivyo hufa wenyewe. Askofu wa karne ya nne aliyajua ya zamu ya usiku. Katika siku zetu, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo, kwanza kwa Mwaka wa Huruma ulioanza 2015, kisha mwaka 2016 bila ukomo wa muda.

(Kuna atakayenipeleka Kutoka sura ya 21, wale wanaume wanaogombana na kumwumiza mjamzito. Wataalamu wa Kiebrania hawajakubaliana kama mtoto anayetoka pale ametoka hai au amekufa. Mimi sijengi nyumba juu ya ubishi wa kitenzi kimoja. Wanaotaka kujenga, na wajenge, mvua itaamua.)

Injili ninayoirudia ni ya Luka, sura ya kwanza. Mariamu amepata mimba kabla hajaenda kwa mume. Kwa Mathayo tunasoma kwamba Yosefu, mtu wa haki, alikuwa amekwisha kuamua kumwacha kimya kimya. Yaani hata mwenye haki, akiachiwa hesabu zake, hufika kwenye kumwacha. Binti akaenda kwa haraka hadi milimani, kwa jamaa yake Elisabeti, mama mtu mzima, naye mjamzito. Elisabeti hakumuuliza ni ya nani. Akampokea kwa furaha, akambariki, na akakaa naye yapata miezi mitatu. Nawaombeni msimame kidogo kwenye hiyo miezi mitatu. Maana yake ni unga, kuni na maji. Maana yake ni kuamka usiku mwenzio anapotapika. Mahubiri ya Kipentekoste na ya Kilutheri niliyoyasikia juu ya sura hii yameishia kwenye wimbo wa Mariamu. Jiko la Elisabeti halihubiriwi.

Na jiko ndilo tatizo letu. Nendeni asubuhi kwenye kliniki yoyote ya wajawazito. Hudhurio la kwanza mama anatakiwa aje na mwenza, wapimwe pamoja. Nia ni njema kabisa. Aliyekimbiwa na mwenza anaambiwa, katika vituo vingi, akalete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo binti anakwenda kumweleza jirani wa baba yake, mbele ya watu wanaosubiri mihuri, kwamba ana mimba na mwenye mimba hayupo. Baadhi hawaendi. Hudhurio la kwanza linakuwa mwezi wa saba, au linakuwa siku ya uchungu. Na ingawa huduma ya uzazi inaitwa ya bure, anatakiwa aje na glovu, pamba, mpira wa kutandika, wembe, beseni na khanga safi. Kwa dada anayeuza ndizi kwenye sinia, hayo si madogo.

Shuleni mlango umefunguliwa. Baada ya miaka mingi ya kufukuza, na baada ya kauli ya rais wa wakati huo, Juni 2017, iliyowafungia kabisa, serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba aliyejifungua anaweza kurudi shule ndani ya miaka miwili. Waraka ni mzuri. Lakini waraka haulei mtoto saa za hisabati. Bibi analea, kama bibi yupo na hana hasira. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Hao ni wengi kuliko mabibi wenye subira.

Sasa turudi kwenye benchi. Wahenga wetu, ambao hawakuwa na amri ya sita, walisema kitanda hakizai haramu. Kanisa lenye Injili limeshindwa na methali? Yapo maeneo mtoto wa binti aliyetengwa hucheleweshwa ubatizo mpaka mama arudi kundini, na binti anayeimba kwaya anazijua hatua hizo zote kwa kuwa ameziona zikifanyika kwa mwingine. Akikosa siku zake, anapiga hesabu. Upande mmoja kuna vidonge vya elfu kadhaa kwa mtu asiyemjua, na hakuna atakayejua. Upande mwingine kuna daftari, benchi, usharika mzima na kijana wa besi anayetafuta namba ya wimbo. Tunahubiri tuchague uhai wa mtoto, kisha tunamwekea mama bei. Sijasikia mahubiri yanayoshinda hesabu hiyo.

Yule dada aliyetufundisha nyimbo hakurudi kwaya. Alirudishwa kundini kwa kura ya wazee, akakaa benchi za nyuma. Mtoto wake alikua, na alifanana na babaye kiasi cha kuchekesha. Miaka mingi baadaye, mama yangu akiwa mgonjwa, ndiye aliyekuja kumwogesha, kila asubuhi, bila kuitwa.

Kwa hiyo, baba askofu na wazee wa kanisa mliokubali kuja kumsikiliza mwalimu wa sheria, ombi langu ni dogo. Mkifika nyumbani, lichukueni lile daftari jeusi. Hesabuni majina ya wanawake walioandikwa kwa amri ya sita tangu lilipofunguliwa. Kisha hesabuni ya wanaume. Halafu, kwa fedha za sadaka ya Jumapili ijayo, nunueni glovu, pamba, mpira na beseni, mviweke ofisini kwa mchungaji, na mtangaze kwamba anayevihitaji hataulizwa jina.