Barabara na Kijiji Vipangwe Pamoja

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nieleze kazi niliyoifanya tangu nitoke Chuo Kikuu, nayo ni kupanga matumizi ya ardhi wilayani. Nitasema jambo moja tu, kwa kuwa wengi wetu ama tumejenga kando ya barabara ama tunatafuta kiwanja huko.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60. Tukipima kutoka katikati ya barabara, mpaka ulisogea kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Mita saba na nusu zaonekana chache. Lakini kwa kila kilometa moja, pande zote mbili, hiyo ni hekta moja na nusu ya mashamba, maduka na nyumba za watu. Aliyejenga ndani ya mpaka wa zamani huchorewa X nyekundu, wala halipwi. Aliyekutwa na mpaka mpya huchorewa X ya kijani, naye hungoja fidia.

Barabara hizo husimamiwa na TANROADS, chombo cha Serikali Kuu. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya mwaka 1999, husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo pia ni mamlaka ya kupanga matumizi yake. Kila upande una haki yake kisheria. Lakini mhandisi akishika ramani yake, na kijiji kikashika yake, anayeumia ni mwananchi.

Nimekiona kijiji kilichotenga soko kando ya barabara. Mkutano Mkuu ulipitisha, na watu wakajenga vibanda kwa fedha za mkopo. Wapimaji wa barabara walipofika, nusu ya soko ilikuwa ndani ya hifadhi. Hapakuwa na mkaidi hata mmoja. Ramani mbili hazikupata kuwekwa juu ya meza moja.

Wala tusidhani upana ni ule ule kila mahali. Mwaka 2017, nyumba nyingi baina ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Hapo hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Kwa macho tu, mnunuzi wa kiwanja angejuaje?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kijiji kinapoanza mpango wake, mhandisi wa barabara aitwe siku ya kwanza, si siku ya kutia sahihi. Pili, barabara mpya inapokusudiwa, wanakijiji waulizwe kabla mchoro haujakamilika, maana wao ndio wajuao mto hufurika wapi na mifugo huvuka wapi. Tatu, nguzo za mpaka zisimikwe, na ramani ibandikwe katika ofisi ya kijiji, kabla mtu hajachimba msingi.

Ndugu zangu, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Humu wamo wahandisi, madiwani na wenyeviti wa vijiji. Mkirudi makwenu, ulizeni kama ramani hiyo ipo. Isipokuwapo, idaini.