Milima Tuliyoshuka Tukikimbia

Hapa Mongbwalu mvua ikinyesha, maji inaenda mto Ituri, mpaka mto Kongo. Lakini kule mashariki, ngambo ya milima tunayoita Monts Bleus, maji inashuka Ziwa Albert na kuingia Nili. Mwaka 2018 wengi wetu tulishuka mteremko ule na watoto mugongoni, tukavuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Uganda.

Leo tumerudi. Wenzetu wanaolima kule miteremkoni wanakuta miti imekatwa, mvua inabeba udongo. Majembe mliyotupa tunayo. Mitaro ya kukinga maji tutachimba sisi wenyewe. Tunaomba miche ya miti. Sisi tulikimbia, tukarudi. Udongo ukikimbia, haurudi.