Shahada Hizi ni za Nani?

Maneno yaliyosemwa na vijana waliomaliza Chuo Kikuu, mbele ya wanachama na wananchi wa kijiji chao



Tuko saba mbele yenu. Wanne tulisoma Dar es Salaam, mmoja Dodoma, na wawili walikwenda Morogoro kusomea kilimo. Mmetutaka tueleze maisha ya huko yalikuwaje, na, kama alivyotamka mzee mmoja bila kuficha, tumeleta nini. Swali la pili ndilo zito. Turuhusuni tulifikie polepole.

Maisha ya Chuo kwa wengi wetu yalikuwa maisha ya kuhesabu. Tulihesabu siku za kufika kwa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu. Tulihesabu sahani za wali na maharage. Chumba cha watu wanne kililaza sita, kwa desturi iitwayo kubebana, yaani aliyepata kitanda humbeba mwenzake aliyekosa. Msidhani twalalamika. Humu ukumbini yumo mama aliyeuza mahindi yake ya akiba ili nauli ipatikane. Kulalamika mbele yake ni kukosa haya. Tena tulicheka sana. Mabishano yalifika saa nane za usiku, na katika mabishano hayo mtoto wa mvuvi wa Kigoma alimsikia mtoto wa mkulima wa pamba wa Maswa akieleza habari za bei, akakuta ni hadithi ile ile ya dagaa wa kwao.

Sasa, Chuo hicho kilitoka wapi? Zamani za mkoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu hiyo alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi 15, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Wazee wetu, fikirini jambo hili: somo la kwanza la chuo kikuu katika nchi hii lilifundishwa chini ya paa la chama cha watu ambao wengi wao hawakupata kumaliza hata darasa la nne.

Ndiyo maana yale ya mwaka 1966 yaliuma sana. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila amalizaye masomo ya juu aingie Jeshi la Kujenga Taifa, akae kambini kwa miezi, kisha afanye kazi yake akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu na majoho yao mekundu. Bango moja lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawarudisha makwao vijijini, zaidi ya 300. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye.

Habari hii husimuliwa mara kwa mara, na kwa kawaida husimuliwa nusu tu. Wanafunzi wale walikosea kusahau nani aliwalisha. Lakini walisema neno moja la haki: kwamba wakubwa nao wanakula mishahara minono. Mwalimu hakulikwepa neno hilo. Papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa yao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kwa hiyo anayewaambia vijana wasomi watoe jasho, naye atazamwe sahani yake. Sisi twasema hivyo kwa heshima, Ndugu Mwenyekiti, na twaona makofi yametoka nyuma kabla ya mbele.

Siku hizi wapo wasemao kwamba deni la msomi linajulikana na lina hesabu. Kweli. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, aliyesoma kwa mkopo wa Serikali na akapata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize. Lakini mkopo haukulipa mahindi ya yule mama. Wala haukuwalipa walimu wa shule yetu ya msingi waliotufundisha jioni bila senti.

Wapo pia wasemao kwamba shahada ni karatasi tu, kwa kuwa mmoja wetu hapa anaendesha bodaboda. Ni kweli anaendesha, na yeye mwenyewe kasema tusimfiche. Ajira ni chache. Hata hivyo, pikipiki haikumnyang'anya alichosoma, nacho alichosoma ni sheria.

Hapo twafika penye swali la mzee. Tumesoma karibu kila kitu kwa Kiingereza. Daktari wa mimea hujua jina la ugonjwa wa mhogo kwa Kiingereza, na mkulima anaujua kwa macho, wakikutana hawasikilizani. Wengine husema Kiswahili hakiwezi elimu ya juu. Waongo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha masomo ya Kiswahili kwa Kiswahili tangu 1970. Na mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili.

Basi tumeleta jambo moja la kuanzia. Wote mnajua kuna karatasi zinazozunguka kuhusu shamba la bondeni. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na baadhi yenu mmekwisha ombwa kuweka dole gumba. Mwenzetu wa bodaboda amezisoma usiku kucha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Mkutano Mkuu ni ninyi: kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamume na mwanamke. Mkutano huo haujaitwa. Wala hatumshtaki mtu; huenda mgeni mwenyewe hajui. Lakini asiweke mtu dole.

Jumamosi saa kumi jioni tutakaa chini ya mwembe wa shule, tuisome karatasi hiyo mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Wale wawili wa Morogoro watakuja na habari za udongo wa bondeni, ili mjue thamani ya kinachoombwa. Mwenye nakala aje nayo. Mama zetu waje mapema, maana ndio wanaolima kule.