Pima Ugonjwa, Usipime Miaka

Mwanamke akishaambiwa ana saratani ya titi, ndugu huuliza mambo mawili: atapona, na je, titi litakatwa? Hilo la pili hujibiwa haraka mno, tena kwa kutazama umri. Akiwa na miaka 35 utasikia: "Bado kijana, yaondolewe yote mawili tulale usingizi." Akiwa na miaka 75: "Bibi keshazeeka, kisu cha nini? Apewe vidonge akapumzike." Kwa maoni yangu, kauli zote mbili zina kasoro ileile. Zinahesabu miaka ya mgonjwa na kuuacha ugonjwa wenyewe.

Tuanze na kijana. Mwishoni mwa karne ya 19, Daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba anayekata zaidi ndiye anayeokoa zaidi. Imani hiyo ilikuja kupimwa. Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi kule Milan, Italia, waliwafuatilia wanawake kwa miaka 20. Baadhi yao waliondolewa titi zima; wengine waliondolewa uvimbe na kubakiziwa titi, kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa makundi hayo hayakupishana katika kuishi.

Ni kweli, saratani ya mwanamke kijana mara nyingi huwa kali, na hurudi kwenye titi lililobakizwa kwa urahisi kuliko kwa mtu mzima. Lakini kinachoua ni saratani iliyokwisha kusambaa kwenye ini, mapafu au ubongo, na hiyo haizuiliwi kwa kukata titi la pili ambalo ni zima. Mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili, wengi walitamani kumfuata. Wakasahau kwamba yeye alikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni ya BRCA1, inayoongeza sana hatari ya saratani ya titi, na hakuwa hata na saratani. Asiye na hitilafu ya kurithi ya namna hiyo kwa kawaida hana sababu ya kumwiga.

Sasa tuje kwa mama mtu mzima. Ingia kliniki ya saratani utaliona hili: mama amekaa kitini, kanga mabegani, daktari anauliza na mwanawe anajibu. "Mama hawezi kisu, Daktari." Mama mwenyewe hajafungua mdomo, na pengine juzi tu alikuwa shambani akipalilia mahindi. Upasuaji wa titi haufungui tumbo wala kifua, na wazee wengi huuhimili. Cha kupimwa ni moyo, presha, sukari na nguvu zake za kila siku. Vile vidonge vya kuzuia homoni navyo havimfai kila mtu. Kama uvimbe wake hauna vipokezi vya homoni, yaani haukuzwi na homoni, atameza bure. Hata ukiwa navyo, vidonge bila upasuaji huutuliza uvimbe kwa muda, kisha unaweza kuanza tena kukua. Njia hiyo ni ya yule ambaye kweli mwili wake hauwezi.

Je, umri hauna kazi kabisa? Unayo. Utafiti ulioendeshwa kutoka Edinburgh, Uingereza, ulihusu wanawake wa miaka 65 na zaidi wenye uvimbe mdogo usiofika kwapani, walioondolewa uvimbe na kutumia dawa za kuzuia homoni. Baada ya miaka 10, saratani ilirudi kwenye titi kwa karibu 10 katika kila 100 ambao hawakupigwa mionzi, na kwa mmoja hivi kati ya 100 waliopigwa. Lakini idadi ya waliokuwa hai ilikuwa sawa. Kwa hiyo bibi wa aina hiyo anaweza kubaki na titi lake na akasamehewa mionzi.

Kijana hana msamaha huo. Anayetaka kubakiziwa titi lazima amalize mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Anayetoka Kigoma ajue mapema atalala wapi Mwanza akitibiwa Hospitali ya Bugando, au Dar es Salaam akitibiwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Asipoweza kukaa huko, kuondolewa titi lote ni uamuzi wa busara, na asione haya kuuchagua.

Basi kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji, muulizeni daktari: uvimbe una ukubwa gani? Umefika kwapani? Una vipokezi vya homoni? Mionzi inapatikana wapi, na kwa gharama gani? Kisha mgonjwa aachwe ajibu mwenyewe, awe na miaka 30 au 80. Mwili ni wake, na uamuzi ni wake.