Chagua Somo Ukijua Waenda Wapi

(Mazungumzo na vijana wa sekondari baada ya sala ya Alasiri, Malindi)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T) aliyetujaalia kuufikia mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu vijana, najua saa hizi nyote mna njaa, na harufu ya viazi karai yaingia mpaka humu ndani. Sitawaweka sana. Lakini jambo nililokuja nalo ni zito, na wengi wetu tumeliharibu kwa dakika tano tu. Ni jambo la kuchagua masomo skuli.

Nianze na kisa changu mwenyewe, ili msije mkasema huyu ametumwa kuja kutuhubiria.

Nilipokuwa kidato cha pili, muhula wa mwisho, tuliletewa karatasi tuandike masomo tutakayoendelea nayo. Ililetwa wakati wa mapumziko, na hakuna aliyetueleza kitu. Mimi nilimwangalia rafiki yangu niliyeketi naye. Yeye aliandika nini? Nikaandika hayo hayo. Fizikia niliiacha kwa sababu yeye aliiacha, na yeye aliiacha kwa sababu kaka yake alimwambia ni ngumu. Basi. Wala nyumbani sikusema.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza redio za mtaa mzima! Mabibi walikuwa wakiniletea pasi zao zilizoungua. Nilipomaliza kidato cha nne, alama zangu hazikuwa mbaya, nikataka kusomea uhandisi wa umeme. Nikaambiwa, kijana, Fizikia iko wapi? Haipo. Nilianza chini kabisa, kwa cheti cha ufundi, nikapanda ngazi moja moja mpaka nikapata diploma. Alhamdulillah leo ni fundi, nala halali yangu. Lakini nilizunguka miaka, na miaka ile marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akilipa, kwa pesa za samaki.

Simlaumu rafiki yangu. Najilaumu mimi kwa kutouliza.

*Dini yasemaje?*

Mtu aweza kusema: rizki ni ya Allah, kwa nini tuhangaike na mambo ya kazi? Kweli rizki ni ya Allah. Lakini Mtume (S.A.W) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Kuchagua somo ni kumfunga ngamia.

Tazameni kisa cha Zayd bin Thabit (R.A). Mtume (S.A.W) alipohamia Madina, Zayd alikuwa mtoto wa miaka kama 11 hivi, rika la mtoto wa Gredi ya 6 wa leo. Alikuwa hodari wa kuhifadhi na kuandika. Mtume akakiona kipaji hicho, na aliona pia haja ya umma: barua za Mayahudi zilikuwa zinakuja na hakuna Mwislamu wa kuzisoma. Akamwamrisha Zayd ajifunze maandishi yao. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Zayd huyo huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Qur'ani wakati wa Sayyidna Abubakar (R.A), na akawa bingwa wa hesabu za mirathi.

Mwaona hapo? Kulikuwa na vitu viwili: kipaji cha kijana na haja ya watu wake. Vikikutana viwili hivyo, hapo ndipo penye somo lako.

Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba utabibu na hesabu ni katika fardhi kifaya. Maana yake, mji ukikosa watu wa kuzijua elimu hizo, mji mzima una dhambi. Akalalamika kwamba katika miji ya zama zake wanafunzi walijazana kwenye fiqhi, na huku tabibu Mwislamu hapatikani. Hebu kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: mtaa wetu una daktari wangapi? Wauguzi wa kike wangapi wa kuwazalisha mama zetu? Walimu wa Hisabati wangapi?

*Kazi hazikosekani karibu nasi*

Wengine mwasema, ah, Malindi kuna nini, hoteli zikifungwa ni maskani tu. Wallahi mwajidhulumu. Nawapa mifano.

Nendeni Ngomeni, si mbali. Pale baharini kuna majukwaa ya chuma ya kituo cha San Marco cha Waitaliano. Kati ya mwaka 1967 na 1988 palirushwa pale roketi zilizobeba satelaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ilirushwa satelaiti ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa nini walikuja Ngomeni? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, na hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi kuelekea mashariki, na upande huo ni bahari tupu. Hiyo ni Fizikia na Jiografia, masomo yale yale tunayoyakimbia. Wavuvi wetu waliziona roketi hizo kwa macho yao. Wangapi katika watoto wao walisoma Fizikia?

Nendeni Kilifi. Utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust upo pale tangu 1989. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ni miongoni mwa zilizojaribiwa hapo, na watoto wa Kilifi walikuwamo. Kazi kama hiyo haifanywi na madaktari peke yao. Yataka mtu wa maabara, mtu wa takwimu, mtu wa kompyuta, na mtu wa kuingia vijijini akaongea na wazazi kwa Kigiriama na Kiswahili wakamwelewa. Lugha nayo ni somo, msiidharau.

Hapo hapo Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Zamani kilikuwa chuo cha kilimo, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mtoto wa mvuvi aweza kusomea viumbe vya baharini na uvuvi hapo, akala futari nyumbani kwao.

Na wewe mwenye kupenda dini na sheria: mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya mwaka 2010. Benki zinazofuata sharia zilianza kazi Kenya mwaka 2008. Huko wanatakiwa watu waliosoma dini sawasawa, lakini wajue pia Biashara, Hisabati na Kiingereza. Hesabu ya mirathi hebu ifanye bila kujua sehemu, uone!

*Sasa tuje kwenye kuchagua kwenyewe*

Kwanza, anzia mwisho urudi nyuma. Usiulize, "Somo gani rahisi?" Uliza, "Nataka kufanya kazi gani, na mlango wake wafunguliwa na masomo gani?" Kwa mlio katika 8-4-4, ambao KCSE ya mwisho imepangiwa mwaka 2027, vyuo havitazami gredi ya jumla peke yake. Vinatazama masomo manne yanayohusika na kozi yenyewe. Udaktari wataka Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Uhandisi wataka Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwanasheria ni lazima awe na B katika Kiingereza au Kiswahili. Waweza kupata B ya jumla na mlango ukakufungia kwa sababu ya somo moja.

Pili, nyinyi wa mtaala mpya, jambo hili limewafikia mapema zaidi. Kuanzia Gredi ya 10, kundi la kwanza likiwa lile la Januari 2026, njia ni tatu: Sayansi na Teknolojia, wanayoiita STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Juu ya masomo ya lazima mwachagua masomo matatu. Hisabati haikukimbiliki: wa STEM hufanya ile nzito, wengine hufanya ile nyepesi. Na angalia sana skuli unayoiandika inafundisha masomo gani. Skuli yaweza kuwa na jina kubwa na ikawa haina mwalimu wa somo ulitakalo.

Tatu, usifunge mlango kabla ya wakati. Kama hujajua wataka kuwa nani, na si aibu, shika masomo yanayofungua milango mingi. Hisabati ndiyo ya mwanzo, kisha Kemia, kisha lugha. Kutoka sayansi kwenda biashara au sheria mtu aweza kuvuka. Kutoka huko kurudi kwenye uuguzi ni shida.

Nne, jipime kwa ukweli. Kutaka si kuweza. Kama Hisabati wapata alama 15 tangu mwaka juzi na hujawahi kumfuata mwalimu hata siku moja, basi shida si akili, ni bidii. Lakini kama umejitahidi kweli na haiji, usijitie kwenye udaktari kwa sababu jirani mtoto wake ni daktari. Allah hakuumba vichwa vyote sawa. Ufundi wa umeme, wa bomba, wa friji, wa mashine za boti, ni kazi za heshima, na vyuo vya ufundi huchukua hata wenye alama za chini. Nabii Daud (A.S) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake.

Tano, muulize anayeifanya kazi, si anayeisikia. Wataka uuguzi? Mwone muuguzi mtaani kwenu umuulize zamu za usiku zikoje. Kaka yako wa maskani atakwambia Fizikia ni ngumu, kumbe yeye hakuisoma.

Sita, IRE na Kiarabu. Kuna wanaochukua IRE kwa kudhani ni ya dezo, kisha wanafeli, ikawa aibu juu ya aibu. Na kuna wanaoiacha wakidhani wameacha dini. Yote mawili ni makosa. Ukiichukua, isome kama elimu. Na kama njia yako haina nafasi yake, madrasa haijafungwa, wala usiiache.

*Neno kwa wazazi na kwa dada zetu*

Mwaka mmoja nilipomaliza mazungumzo kama haya, alinijia mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu dada yako ataka uuguzi, twaanzia wapi?" Nikatazama karatasi. Biolojia haimo. Nikamuuliza binti kwa nini. Akainama, akasema aliogopa kumpasua panya maabara, na wenzake wote wa kike waliiacha, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo mlango wenyewe. Mama yule hakujua hata kama kuna kitu kinaitwa kuchagua masomo. Alikuwa akiuza mahamri asubuhi na jioni alipe karo.

Sikujua nimwambie nini. Nilimwelekeza kwenye kozi nyingine, akaenda, yuasoma. Lakini ule uso wa mama yake ndio ulionifanya nije kuzungumza leo.

Wazazi, hata kama hamkusoma, ulizeni. Nendeni skuli siku ya karatasi hiyo, mketi na mwalimu. Msimlazimishe mtoto ndoto yenu, lakini msimwache peke yake vilevile. Na dada zangu, akikwambia mtu Fizikia si ya wanawake, muulize mama yake aliyekuwa akijifungua alitaka kuhudumiwa na nani.

*Tufunge hivi*

Mwezi huu Qur'ani iliteremshwa, na amri ya kwanza iliyomjia Mtume wetu ilikuwa ni kusoma. Ni mwezi huu huu, mwaka wa pili wa Hijra, vilipopiganwa vita vya Badri. Mateka waliojua kuandika na hawakuwa na mali, fidia yao ilikuwa ni kufundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Adui akafanywa mwalimu! Hivyo ndivyo Mtume (S.A.W) alivyoithamini elimu kwa ajili ya watoto kama nyinyi.

Basi nawapa kazi moja. Usiku wa leo, baada ya tarawehe, chukua karatasi. Andika kazi tatu unazozipenda. Chini ya kila moja andika masomo inayoyataka; usiyoyajua acha wazi, kesho umuulize mwalimu. Kisha andika alama zako za kweli, usijidanganye, Allah anazijua. Mwonyeshe mama au baba. Halafu usali istikhara. Istikhara si badala ya kuuliza. Ni dua ya mtu aliyekwisha kuuliza, akatafakari, akamwachia Mola wake amchagulie lenye kheri.

Karatasi ile ya skuli ikija, hata ikija wakati wa mapumziko kama yangu, wewe utakuwa unayo tayari nyumbani, na hutamwangalia jirani yako ameandika nini.

Allah atutakabalie funga zetu, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awarehemu wazazi waliotusomesha kwa jasho. Amin.

Haya, muadhini anaangalia saa. Tende ziko pale mlangoni, wadogo watangulie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.