Majina ya Laetoli

Canada inamhesabu M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, miongoni mwa waandishi wake wakubwa. Alitwaa Tuzo ya Giller mwaka 1994 na 2003. Kama Canada inamtaja hata aliyetoka kwetu, sisi Afrika Mashariki tunawataja wagunduzi wetu?

Huko Laetoli, Tanzania, jirani na Endulen, Maundu Muluila aliokota mwaka 1974 taya la chini, LH 4, lililokuja kuwa kielelezo rasmi cha Australopithecus afarensis, spishi ya kale ya jamii ya binadamu. Mwaka 1978 Ndibo Mbuika alishiriki kufukua nyayo za viumbe wa jamii hiyo zilizoganda kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Jina lililovuma ni la kiongozi wao, Mary Leakey, na alistahili. Lakini mcheza kwao hutunzwa: vitabu vya shule viwataje Muluila na Mbuika pia.