Skuta ya Umeme Inayoingia Kwenye Buti: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa wadi ya Kahawa Sukari, kaunti ndogo ya Ruiru. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kiambu wenye shida ya kutembea, pamoja na wale wanaowatunza.



Wako watu wengi wenye maumivu ya magoti, waliopata kiharusi chepesi au waliougua polio utotoni, ambao hutembea vizuri ndani ya nyumba lakini hawafiki dukani. Kutoka kitandani hadi mezani si taabu. Taabu ni kutoka getini hadi kituo cha matatu, au kutoka pale gari lilipoegeshwa hadi mlango wa kliniki. Polepole mtu wa namna hiyo huacha kwenda kanisani, huacha kikao cha chama, huacha mazishi ya jirani, na mwishowe huanza kuruka hata siku za kliniki. Familia husema, "Mzee siku hizi hapendi kutoka." Mara nyingi mzee anatamani sana kutoka. Kinachomshinda ni mita mia tatu.

Skuta ya umeme ya kubebeka kwenye gari inaweza kumrudishia mita hizo. Lakini kosa moja hurudiwa na familia nyingi: skuta hununuliwa kwa kuangalia picha na bei, kisha ikifika nyumbani inagundulika kwamba haiingii kwenye buti, au inaingia lakini hakuna wa kuinyanyua. Skuta hiyo huishia koridoni ikiwa imefunikwa shuka. Mzee hubaki palepale alipokuwa, ila sasa akiba ya familia imekwisha.

Kosa hilo linazuilika kwa tepu ya kupimia na asubuhi moja ya subira.

KWANZA: JE, SKUTA NDIYO KIFAA KINACHOFAA?

Skuta huendeshwa kwa usukani ulio mbele ya mtumiaji. Kwa hiyo inamfaa mtu anayeweza kukaa wima bila kushikiliwa, anayeweza kukunja vidole na kubana kiwashio, anayeona vizuri, na anayeweza kuinuka na kupiga hatua chache ili apande na kushuka.

Mtu asiyeweza kuushika mwili wake akiwa ameketi anahitaji kiti cha magurudumu kilichopimwa kwa umbo lake. Aliyepoteza hisia kwenye makalio au miguu anahitaji mto maalumu, kwa sababu kiti kibaya humletea vidonda vya mgandamizo bila yeye kusikia maumivu. Aliyepata kiharusi kilichodhoofisha mkono mmoja au kuathiri macho upande mmoja apimwe kwanza kabla ya kuendesha chochote.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu, lilisisitiza utaratibu huo: mtu apimwe, achaguliwe kifaa, kifaa kirekebishwe kimkae, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Anayestahili kutoa ushauri huo ni mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini, si muuzaji.

PILI: PIMA GARI KABLA YA KUPIMA SKUTA

Muuzaji hutaja urefu, upana na kimo cha skuta ikiwa imekunjwa. Mnunuzi huwaza ukubwa wa buti, na kusahau mdomo wa buti. Vitu hivyo viwili havilingani. Gari dogo la aina ya saluni linaweza kuwa na buti yenye kina kirefu, lakini mdomo wake ni mwembamba na skuta haipiti. Gari kama Probox lina mlango mpana na sakafu tambarare, hivyo huchukua kifaa ambacho gari la bei kubwa zaidi hukikataa.

Mkazi apime mambo matano, kwa sentimita, na kuyaandika:

1. Upana wa mdomo wa buti mahali palipo pembamba zaidi.
2. Kimo cha mdomo huo, kutoka ukingo wa chini hadi ukingo wa juu mlango ukiwa wazi.
3. Urefu wa sakafu, kutoka mgongo wa kiti cha nyuma hadi mlango ukiwa umefungwa. Mlango wa nyuma ulioinama hupunguza nafasi ya juu, kwa hiyo apime chini na juu.
4. Upana wa sakafu kati ya vibweta vya magurudumu.
5. Kimo cha ukingo wa buti kutoka ardhini. Hicho ndicho kimo ambacho mnyanyuaji atapaswa kukifikia kila safari.

Katika magari kama Vitz au Demio, mara nyingi skuta huingia tu kiti cha nyuma kikilazwa. Hapo swali linabadilika: mtunzaji ataketi wapi, na wajukuu je? Familia isiyo na gari, inayotegemea teksi, ipime gari dogo kabisa ambalo huwa linafika inapoita, kwa sababu ndilo litakalofika siku ya mvua.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Chukua makatoni ya dukani, yakate na kuyafunga kwa gundi ya karatasi hadi yatoshane na vipimo vya skuta iliyokunjwa. Liingize katoni hilo kwenye buti na kufunga mlango. Likigoma, skuta itagoma pia.

TATU: NANI ATAINYANYUA?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo huulizwa mwisho.

Skuta za kubebeka ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hufunguliwa vipande vinne au vitano: kiti, betri, sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma yenye mota. Jumla ya uzito inaweza kupita kilo 40, lakini kila kipande hunyanyuliwa peke yake, na kizito zaidi huwa kati ya kilo 13 na 20. Aina ya pili hujikunja yenyewe kama sanduku. Hiyo ni nyepesi kwa jumla, mara nyingi kilo 20 hadi 30, lakini hunyanyuliwa yote kwa mara moja.

Kilo hizo ni nyingi au chache? Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na kidogo. Yule atakayekuwa akinyanyua skuta, awe mke, binti au mjukuu, aujaze mtungi huo, aunyanyue hadi kimo cha ukingo wa buti, auweke ndani taratibu, kisha autoe. Afanye hivyo mara tatu. Safari moja ya kliniki ni mara nne: nyumbani kuingiza, hospitalini kutoa, kisha vivyo hivyo wakati wa kurudi. Akisikia mgongo unalalamika, familia ichague skuta ya vipande, au ipunguze uzito kwa kutoa betri kwanza.

Mnunuzi aulize pia kama uzito uliotajwa ni pamoja na betri na kiti. Baadhi ya matangazo hutaja uzito bila betri.

Wako wanaofikiria ubao wa mteremko. Ubao ni msaada, lakini hesabu yake ni ngumu. Kipimo kinachopendekezwa kwa mteremko wa mtu aliyeketi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Buti yenye ukingo wa sentimita 60 ingehitaji ubao wa zaidi ya mita 7. Hakuna anayebeba ubao kama huo. Mbao za kubebeka ni fupi na zenye mwinuko mkali, kwa hiyo skuta isukumwe ikiwa tupu. Mtu asipande juu yake kamwe.

Tena, skuta nyingi za kubebeka zina kikomo cha uzito wa mtumiaji, kwa kawaida kati ya kilo 100 na 140. Kikomo hicho ni pamoja na mkoba na viazi vilivyonunuliwa njiani.

NNE: BETRI NA CHAJA

Betri ya risasi ni nzito na ya bei nafuu. Ikiachwa bila chaji kwa miezi, huharibika. Betri ya lithiamu ni nyepesi, lakini ni ghali kuibadilisha, na haifai kuchajiwa kwa chaja ya kuazima wala juu ya kochi au kitanda. Kwa vyovyote, betri isichajiwe kwenye njia ya kutokea nyumbani.

Umbali unaotangazwa hupimwa kwenye sakafu laini na kwa mtu mwepesi. Vilima, murram na uzito huupunguza. Mnunuzi wa busara hutegemea nusu tu: ikitangazwa kilomita 15, apange safari zisizozidi 7 au 8, kwenda na kurudi.

Waliotumiwa skuta na jamaa walioko Marekani wasome kibandiko cha chaja kabla ya kuichomeka. Umeme wa huko ni wa volti 120. Wa Kenya ni volti 240. Chaja iliyoandikwa 100–240V inafaa kwa kubadilisha plagi tu. Iliyoandikwa 110V au 120V pekee itaungua mara moja.

TANO: BARABARA YA MTAANI

Skuta inayoingia kwenye buti ina magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi. Hivyo ndivyo inavyoweza kuingia. Lakini magurudumu hayohayo hukwama kwenye changarawe, kwenye tope la masika na kwenye tuta. Mkazi atembee kwanza njia anazotaka kupita, akihesabu mahali penye mashimo, mitaro isiyofunikwa na kingo za lami.

Skuta ya magurudumu matatu hugeuka kirahisi dukani na kliniki. Ya magurudumu manne hutulia zaidi kwenye mteremko wa upande. Matairi ya mpira mtupu hayapati pancha lakini hutikisa mgongo. Ya upepo ni laini lakini yanahitaji fundi.

Kasi ya skuta nyingi za aina hii ni kama kilomita 6 hadi 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Si chombo cha Barabara ya Thika, hata pembeni mwake. Safari ndefu ni ya gari. Skuta ni ya mwanzo na mwisho wa safari. Kwenye kivuko cha juu chenye njia ya mteremko, mtumiaji apande akiwa na mtu nyuma yake mara za kwanza. Jioni avae kizibao cha kuakisi mwanga.

SITA: JARIBU KABLA YA KULIPA

Siku ya kununua, waende watatu: mtumiaji, mnyanyuaji, na gari lenyewe. Mtumiaji apande, ashuke, ageuke mahali pembamba na kusimama kwenye mteremko. Mnyanyuaji aikunje, aiingize kwenye buti na kuitoa, bila msaada wa muuzaji. Waulize betri ya pili inapatikana wapi, na fundi ni nani.

Kila skuta ina kiwiko cha kuachia mota ili isukumwe kwa mkono. Kikiachiwa, kwenye skuta nyingi breki hukatika. Kisiguswe mtu akiwa ameketi, wala kwenye mteremko.

Kwa skuta iliyotumika, mnunuzi aiendeshe angalau dakika 20. Betri iliyochoka huonyesha imejaa ikiwa imesimama, kisha huanguka ghafla ikipanda kilima. Rahisi ghali.

SABA: HAKI NA MSAADA

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa, pamoja na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Kifungu cha 57 kinalinda haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu baada ya tathmini ya daktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Kupitia Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, waliosajiliwa wanaweza kuomba vifaa kama viti vya magurudumu na magongo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Anayeagiza skuta kutoka nje aulizie msamaha huo kabla mzigo haujafika bandarini.

Asiyemudu skuta, au asiyefaa kuitumia, asikate tamaa. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu hapa nchini, na vipuri vyake hupatikana hapa hapa. Kiti chepesi kinachokunjwa, kikiwa na mtu wa kukisukuma, kinaweza kumfikisha mzee kanisani kuliko skuta nzito iliyolala koridoni.

Kwa hiyo, ndugu wakazi, anayetaka kujua kama skuta ni nzuri asiishie kuisoma kwenye karatasi ya muuzaji. Aulize hivi: siku ya Jumanne, mvua imenyesha, kijana yuko kazini, na nyumbani wamo mama na binti yake tu, je, watatoka? Ikiwa jibu ni ndiyo, alipe. Ikiwa ni hapana, arudi kwenye tepu yake na kupima tena.